Simu Isiyojua Kiswahili

Mwaka 2012, nilipoanza masomo ya chuo kikuu Kampala, simu zilikuwa na matabaka kama watu. Chini kabisa ilikaa ile ndogo yenye tochi, ambayo kila nchi ya ukanda wetu imeibatiza kwa namna yake: Watanzania huiita kitochi, Wakenya mulika mwizi, nasi wa Uganda tunasema katochi. Juu yake zilikaa Nokia zenye kamera na redio. Juu zaidi ilikaa BlackBerry, ambayo mwenyewe aliiweka mezani kantini kabla hata ya kuagiza chai, ili tujue tunakaa na nani. Kisha kulikuwa na simu za kioo za bei ndogo, zile za Android, ambazo hatukujua tuziweke tabaka gani. Mama yangu aliziita simu za kupapasa, na alipolitamka jina hilo uso wake ulionyesha kwamba halikuwa sifa.

Mimi nilifika chuoni na katochi, Nokia 1280. Sina neno baya la kuisema simu ile. Ilikaa siku tano bila chaja, ilianguka kutoka kitanda cha juu ikaokotwa vipande vitatu, nikaviunganisha ikawaka. Na jambo moja niliona fahari kuwaonyesha wenzangu darasani: orodha yake ya maagizo ilikuwa na Kiswahili ndani. Simu ya bei ya chini kuliko zote sokoni ilinisemesha kwa lugha niliyokwenda chuoni kuisomea.

Lakini haikuweza kufungua makala. Sisi tunaosoma Kiswahili Uganda tunaijua tabu ya vitabu. Nakala za Kamusi ya Kiswahili Sanifu maktabani zilihesabika kwa vidole, na daima zilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Mwalimu akituma makala kwa baruapepe saa tatu usiku kwa ajili ya mjadala wa saa mbili asubuhi, mwenye simu janja aliisoma kitandani. Mimi nilivaa viatu nikateremka Wandegeya kutafuta mkahawa wa intaneti ambao bado uko wazi, nikalipia dakika, nikasoma kwa haraka ya mtu anayelipia dakika.

Fedha ya simu ilitoka kwa kaka yangu. Kwetu ni karibu na Malaba, upande wa Uganda, ambako mama anauza chakula kwa madereva wanaosubiri foleni ya mpaka. Hoteli yake ni mabati machache na meza mbili, na lugha ya pale ni Kiswahili, kwa sababu anayekula leo ni Mkamba, kesho ni Msomali, kesho kutwa ni Mnyarwanda. Kaka alikulia kwenye meza hizo akaishia kwenye usukani. Miaka ile alikuwa akitoa mizigo Mombasa kuja Kampala, na mara nyingine Kampala kwenda Juba. Yeye ndiye aliyenisukuma kwenye somo hili. Alisema, madhali lugha hii tumeipata bure, basi mmoja wetu aisome tulipwe.

Mwezi Januari 2013 alipita Kampala akanihesabia shilingi 250,000 ndani ya kabini ya lori.

“Mdogo wangu, nunua unayotaka,” alisema. “Lakini nikipiga, uwe hewani. Mama siku hizi hasikii simu akiwa jikoni. Nikiwa Sudani, wewe ndiye wa kumwambia niko wapi.”

Nilizunguka maduka ya William Street Jumamosi mbili. Duka la kwanza mwuzaji alinisemesha Kiingereza, nikamjibu Kiswahili kwa mazoea ya darasani, akadhani mimi ni Mkenya akapandisha bei. Tangu hapo nilinunua kwa Kiluganda changu kibovu, kilichonishushia bei kuliko cheti chochote.

Kwa fedha ile nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa BlackBerry Curve 8520 iliyokwisha kutumika, waliyoanzia 240,000. Simu hiyo ilitoka mwaka 2009. Ilikuwa na vitufe vya herufi zote, kimoja kwa kila herufi, na kijiraba kidogo cha kuteleza kidole katikati. Vitufe vile vilinitamanisha sana. Mwenzangu wa chumbani alikuwa nayo, na alipoandika ulisikia mlio kama wa mtu anayetafuna karanga. Kwa mwandishi wa Kiswahili ilikuwa na adabu pia: ukiandika neno isilolijua, ililiacha lilivyo.

Upungufu wake ulijulikana. Haikuwa na 3G. Ili ifanye mambo yaliyoifanya iitwe BlackBerry, ilibidi ulipie bando maalumu la huduma yake, na bando hilo likiisha ulibaki na katochi ya bei ghali. Isitoshe, ujumbe wa huduma hiyo ulipitia mitambo ya kampuni yenyewe, na Oktoba 2011 mitambo ile ilipoleta hitilafu, watumiaji wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika walikaa siku kadhaa bila huduma. Sharti la kaka lilikuwa kichwani mwangu: uwe hewani.

Njia ya pili ilikuwa Android ndogo. Huawei IDEOS ilikuwa imeingia Kenya mwaka 2011 kwa bei ya shilingi elfu nane hivi za kule, na kwa watu wengi wa tabaka letu ndiyo iliyokuwa simu janja ya kwanza kuishika. Kando yake dukani ilikaa Samsung Galaxy Pocket ya mwaka 2012. Zilifanana kama watoto wa shangazi na mjomba: zote zilikuwa na kioo cha inchi 2.8, betri ya 1200 na 3G. IDEOS ilikuja na Android 2.2, Pocket ikaja na 2.3. Kamera ya IDEOS ilikuwa kubwa kidogo, lakini hakuna iliyokuwa na taa ya kupigia picha usiku. Katochi ilikuwa na tochi na hizi hazikuwa nayo, na mama hakuacha kulitaja jambo hilo.

Palikuwa na njia ya tatu, Nokia Asha 200, yenye vitufe kamili na laini mbili. Lilikuwa chaguo la busara, na hakuna mtu wa umri wangu aliyelitamani.

Tatizo jingine lilikuwa simu bandia. Tangu mwanzo wa Oktoba 2012 Kenya ilianza kuzifungia simu bandia zisifanye kazi kwenye mitandao yake, na kwetu Malaba kila mtu aliamini kwamba mali ile ingetafuta soko upande wa pili wa daraja. Kwa hiyo kila simu niliyoshika niliibonyeza *#06# kwanza, nikalinganisha namba iliyotokea na ile iliyoandikwa chini ya betri. Kuna duka ambalo mwuzaji aliinyakua simu kabla sijafungua mfuniko, akasema betri isiguswe. Sikurudi pale.

Nilichukua Android. Sitaitaja jina lake, kwa kuwa tabia nitakazozieleza zilikuwa za ukoo mzima wa simu za bei ile, na si haki mmoja abebe za wote.

Tabia ya kwanza ilikuwa ya vidole. Kioo chake kiliitika kidole kikavu tu. Niliporudi nyumbani likizo ya kwanza, mama akiwa anaosha maharage, simu iliita, ikabidi aipokee. Alipapasa, akapapasa, tone la maji likatelezea kioo na simu ikaendelea kuita. “Simu gani hii inayochagua vidole?” aliuliza. Nami nilitaka kumtetea mnyama wangu, lakini alikuwa na haki: katochi ilipokelewa kwa kidole chochote, hata chenye unga.

Ya pili ilikuwa nafasi. Ukitaka kuingiza WhatsApp, simu ilikuambia nafasi haitoshi. Ukifuta kitu, ilikubali. Wiki ijayo programu ilitaka kujiongeza, ikasema tena nafasi haitoshi. Toleo la 2.2 lilikuwa ndilo la kwanza kuruhusu programu zihamishiwe kwenye kadi, lakini si kila programu ilikubali kuhama, na zile kubwa ndizo zilizogoma. Nilijifunza kuishi na programu nne: kivinjari cha Opera Mini, ambacho kilibana kurasa kabla hazijanifikia na kuniokolea bando, kisoma makala, WhatsApp, na kamusi moja ndogo. Makala za mwalimu nilizisoma kwa kuvuta kioo kushoto na kulia, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma bango kupitia tundu la mlango. Hata hivyo nilizisoma kitandani.

Ya tatu ilikuwa ya mpakani. Nyumbani kwetu mtandao wa Kenya unafika hadi jikoni kwa mama. Katochi ikivuka haikuwa na hasara mpaka upige. Simu janja ilikuwa inawasiliana na dunia hata ikiwa mfukoni, kwa hiyo ikishika mtandao wa ng'ambo ilikula salio kimyakimya, na asubuhi unakuta vocha ya jana haipo. Dawa yake ilikuwa kuichagulia mtandao kwa mkono na kuizima data kila unapopita shule ya msingi, kwani hapo ndipo mpaka wa hewani ulipo, mita mia kadhaa ndani ya mpaka wa serikali.

Lakini tabia iliyonishughulisha kuliko zote ilikuwa ya lugha. Simu ile haikujua Kiswahili, na kwa kuwa haikujua, ilinisahihisha. Niliandika “hapa” ikaweka “happy”. Niliandika “wote” ikaweka “wrote”. “Wewe” ikawa “were”. “Sana” ikawa “Santa”, hata mwezi wa Mei. Nilimtumia kiongozi wa darasa ujumbe wa kumshukuru Santa, naye akanijibu kwamba mimi ni Mkristo wa kweli.

Baada ya wiki chache niligundua jambo ambalo sikulitarajia. Simu ililisumbua neno fupi na kuliacha neno refu. “Hapa” haikupona, lakini “nitakapokufikia” ilipita bila kuguswa, kwa sababu kwenye kamusi yake ya Kiingereza hapakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Kitenzi cha Kiswahili kikivaa viambishi vyake vyote kinakuwa kama lori lenye trela: hakuna anayethubutu kukiingilia barabarani. Nikaanza, bila kupanga, kuandika vitenzi virefu. Badala ya “njoo hapa” niliandika “unifuate nilipo”. Wenzangu walisema ninaandika kama kitabu.

Hapo nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiandika kwenye katochi, na jinsi kaka alivyokuwa bado akiandika. Simu yake ilikuwa Nokia 1100, ile iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ya kwake alikuwa ameifunga kwa mpira wa tyubu. Kwenye simu hizo herufi tatu au nne hukaa kitufe kimoja. Ukitaka “a” unabonyeza mara moja. Ukitaka “i” unabonyeza mara tatu. Ukitaka “s” unabonyeza mara nne. Kiswahili kina “i” nyingi kama mchele, na dereva anaandika kwa kidole gumba kimoja foleni ikisogea. Kwa hiyo kaka aliikata “i” popote aliposhindwa kuivumilia. “Niko” ikawa “nko”, “nimefika” ikawa “nmefka”. Na “s” aliibadilisha kuwa “x”, ambayo ni mibonyezo miwili tu. Walimu wetu walikuwa wakiilaumu “xaxa” ya vijana kuwa ni uharibifu wa lugha unaotokana na kuiga. Pengine. Lakini mimi nimeihesabu: “sasa” kwenye katochi ni mibonyezo kumi, “xaxa” ni sita.

Basi katika familia moja tulikuwa na maandishi matatu. Kaka aliandika Kiswahili kilichokatwa irabu. Mimi niliandika Kiswahili kilichorefushwa ili kukwepa msahihishaji. Mwenzangu wa BlackBerry aliandika kile cha kawaida, na alikuwa akitushangaa sote.

Msahihishaji niliweza kumzima. Sikumzima, kwa kuwa kwenye kioo kile kidogo kidole changu kilikosea herufi kila mara, na kwa Kiingereza alinisaidia kweli. Badala yake nilianza kumfundisha. Ukiandika neno, likatokea juu ya vitufe, ukiligusa lenyewe simu inalihifadhi kwenye kamusi yako. Nililigusa “hapa”. Nililigusa “sana”. Niligusa neno baada ya neno kwa miezi kumi. Siku moja nilifungua orodha ya maneno niliyoyahifadhi, yamepangwa kwa alfabeti, nikaisoma mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma barua yake ya zamani. Yalikuwemo maneno ya darasani: kiambishi, ngeli, mofimu, tashibiha. Na katikati yake yalikuwemo mengine ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha: Elegu, Nimule, Karuma, foleni, gurudumu, turubai, yadi, turnboi, umevuka, umekula, umelala wapi. Kwa orodha ile mgeni angeweza kujua kwamba nina ndugu barabarani, na angeweza kuichora ile barabara.

Mwezi Desemba 2013 chuo kilifungwa nikarudi nyumbani. Kaka alikuwa ameondoka Kampala siku ya Alhamisi na shehena ya unga. Barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilikuwa imetiwa lami mwaka uliotangulia na madereva waliisifu. Jumamosi aliniandikia amefika. Jumapili usiku, tarehe 15, mapigano yalizuka Juba.

Tulisikia redioni Jumatatu. Nilipiga namba yake ya Uganda, haikupatikana. Nilipiga ile ya Sudani Kusini, haikupatikana.

Siku zile niliijua simu yangu kuliko nilivyowahi kuijua. Mchana ilikuwa na habari zote. Nilisoma kila kilichoandikwa kuhusu Juba, nikaona picha za moshi, nikasoma orodha za mitaa, nikasoma mambo ambayo baadaye yalikuja kuwa uongo. Kioo kilinipa habari za watu wengi na kaka hakuwamo hata katika moja. Na kadiri nilivyosoma, betri ilishuka. Ikifika saa kumi na moja jioni simu ilikuwa inaomba chaja, na kwetu wakati ule umeme haukuwa nyumbani. Tulichaji kwenye kibanda cha senta kwa shilingi 500, na kibanda kilifungwa saa mbili usiku. Kuiacha pale usiku ni kukaa bila simu. Kuirudisha nusu ni kukaa na simu itakayozimika saa sita.

Mama ndiye aliyetoa katochi yangu ya zamani, ambayo nilimwachia nilipopata ya kioo. Akatoa laini yake, akanipa ganda tupu. “Tia yako,” alisema.

Nikahamisha laini yangu. Ikawaka, ikashika mtandao, mistari minne. Na hapo ndipo nilipoona kwamba haina majina. Simu janja ilikuwa imeyahifadhi majina yote ndani yake, hakuna hata moja lililokuwa kwenye laini. Nilikuwa na simu yenye uhai wa siku tano isiyomjua mtu yeyote. Niliandika namba mbili za kaka kwa kalamu nyuma ya daftari la mauzo la mama, nikazisoma hadi nikazijua kwa moyo, nikaiweka simu chini ya mto.

Mchana niliirudisha laini kwenye kioo, usiku kwenye katochi. Nilifanya hivyo Jumatatu na Jumanne.

Usiku wa Jumanne, kama saa nane, ulikuja ujumbe. Namba ilianza na +211, ya Sudani Kusini, na haikuwa yoyote kati ya zile mbili. Hapakuwa na jina juu wala chini. Uliandikwa hivi:

“Nko hai. Gari mebaki yadi. Tuko wengi kwa UN. Hii xmu ya mtu uxpige. Mwambie mama.”

Niliusoma mara moja nikajua. Ile “nko”, ile “xmu”, ile “uxpige” iliyokosa “i” yake. Ungeniletea jumbe mia za madereva mia ningeitoa ya kwake. Neno moja ambalo hakulikata ni “Mwambie”, na nikitazama nyuma sikumbuki kama aliwahi kulikata hata siku moja.

Nilimwamsha mama. Hakuuliza nimejuaje kuwa ni yeye. Aliuliza kama amekula.

Kaka alivuka Nimule Jumamosi, tarehe 21, kwenye lori la mtu mwingine, akiwa na begi moja. Simu yake ilikuwa imebaki kwenye kabini, kwenye chaja. Gari lilipatikana miezi iliyofuata bila shehena na bila magurudumu mawili, na mwenye gari alilalamikia magurudumu zaidi ya kitu kingine. Kaka hajaeleza mengi kuhusu siku zile sita. Ameeleza habari za yule aliyemwazima simu: kijana wa Juba aliyekuwa na salio dogo, aliyesimama kwenye uzio akiwaruhusu watu waandike ujumbe mmoja mmoja, na aliyekuwa akiwahimiza wafupishe.

Sasa niko mwaka wa tatu na bado ninatembea na zote mbili, ya kioo mfuko wa kulia na katochi mfuko wa kushoto, na majina nimeyaandika kwenye laini, mojamoja, jioni nzima. Mwenzangu wa chumbani ameuza BlackBerry yake kwa bei ya kutia huruma, akanunua Android kubwa kuliko yangu mara mbili. Vitufe anavikumbuka. Juzi alinionyesha ujumbe aliomtumia baba yake, wenye “Santa” ndani.

Kaka naye alirudi barabarani mwezi wa Machi, safari za Mombasa tu. Kabla ya kuondoka alinipitia Kampala tukaenda William Street pamoja. Nilimshauri achukue yenye vitufe na laini mbili, ile ya busara. Nilimtajia betri. Nilimtajia mvua, na vidole vyenye grisi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, halafu akaonyesha simu ya kioo iliyokuwa kwenye kabati, akasema anataka ile, kwa sababu binti yake ameanza kutembea na mkewe hawezi kumtumia hatua za mtoto kwenye 1100. Hilo sikuwa na jibu lake. Tulibonyeza *#06#, tukafungua mfuniko, tukalinganisha namba, tukalipa. Ile 1100 mpya aliyoinunua baada ya Juba aliiacha ndani ya dashibodi, ikiwa na chaji.

Siku tatu baadaye nilipata ujumbe wake wa kwanza kutoka kwenye kioo, irabu zote zimerudi mahali pake:

“Nimefika Mariakani. Happy mvua kubwa Santa. Mwambie mama.”

Nikamwandikia aguse neno lenyewe, juu ya vitufe, kila mara, na simu italishika.